Mama wa Murangi Kwenye Tangazo la Mganga

Alikuja studio kwangu Musoma asubuhi moja, amevaa kitenge kipya ambacho mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijatoka. Alikuwa ametoka Murangi na gari la kwanza. Umri wake hamsini na kitu hivi, mwembamba, mrefu, na mikono yake ina ile harufu ya dagaa ambayo sabuni huipunguza tu, haiiondoi. Aliniambia mume wake alifariki mwaka uliopita baada ya kuumwa muda mrefu, na kwamba picha zote zilizopo nyumbani amekaa na marehemu.

"Za harusi, za ubatizo wa watoto, zote tuko wawili," alisema. "Nataka moja ya peke yangu. Nijione."

Huwa simwambii mtu atabasamu. Mtu anaweza kucheka na wewe vizuri pale mlangoni, lakini ukimkalisha kwenye kiti, taa zikawaka, anakaza shingo kama yuko mbele ya hakimu. Kwa hiyo namuuliza kazi yake. Huyu mama nilimuuliza dagaa wanakuwaje mvua ikiwakuta wameanikwa. Akaanza kuisimulia mvua kama jirani mkorofi: inavyojificha nyuma ya kilima, inavyosubiri dagaa wakauke nusu ndipo ije. Uso ukaamka. Nilipiga picha akiwa katikati ya hasira hiyo, kidevu juu, macho yametazama pembeni ya kamera kana kwamba mvua yenyewe imesimama pale.

Nilijua palepale kuwa nimepata picha. Kwa miaka yangu yote ya kazi hiyo, paspoti asubuhi, harusi Jumamosi, kipaimara na mahafali kwa msimu, picha za namna ile naweza kuzihesabu kwa vidole.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi na dada mmoja wa Guta, kule Bunda, ambaye kazi yake ilikuwa kusafisha picha kwenye kompyuta na kuzichapisha. Alikuwa na miaka minne ya kazi kwangu. Alipoiona ile picha alisema, "Huyu simgusi uso, bosi. Nitamtoa tu huu uzi wa begani." Akautoa. Nikachapisha nakala kubwa ya mama, akaitazama akiwa ameishika mbali kidogo, mikono imenyooka.

"Hii ni ya kwangu, baba," aliniambia akiifunga kwenye gazeti. "Sio ya watu."

"Sawa, mama," nikasema.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja mchana akaingia mwanaume ambaye simjui, akasimama katikati ya studio bila kusalimia. Alikuwa mdogo wa marehemu, mume wa yule mama wa Murangi. Alitoa simu mfukoni akaniwekea usoni.

Lilikuwa tangazo la mganga lililobandikwa ukutani, mtu amelipiga picha kwa simu. Juu kumeandikwa kesi kushinda, mali kurudi, ndoa kutulia. Chini kuna namba. Katikati alikuwa yule mama, na kidevu chake, na hasira yake ya mvua. Pembeni yake wameandika maneno kama ni yeye anayasema: Mume alikuwa ananitesa. Mtaalamu akamtuliza.

Nilisoma mara mbili. Lile neno la mwisho nikalirudia mara ya tatu.

"Limebandikwa Bunda. Unaelewa wanavyolisoma kule nyumbani?" aliuliza yule shemeji. "Kaka yangu aliumwa miezi saba. Sasa watu wanasema kumbe alikuwa anatulizwa. Kwenye jumuiya wanasema mke wake alikuwaga anaenda kwa mganga hata wakati tunamuuguza."

"Mimi sikumpa mtu hii picha."

"Nani mwingine anayo? Picha ulipiga wewe."

"Nitatafuta ilikotokea."

"Tafuta. Mama anataka uje Murangi umwambie mwenyewe." Akaondoka. Hakuinua sauti hata mara moja, na hilo lilinisumbua kuliko kama angenitukana.

Faili lile lilikuwa kwenye kompyuta moja tu, ile aliyokuwa akiitumia yule dada. Tangazo limebandikwa Bunda. Dada ni wa Bunda. Ilinichukua muda mfupi kuliko wa kupika chai kuunganisha mambo hayo mawili, na yalipoungana, kila kitu alichowahi kufanya kikageuka. Nilikumbuka kwamba kila baada ya wiki mbili anaenda kwao. Nilikumbuka kwamba simu yake huilaza kifudifudi. Aliwahi kuniomba flashi nisijue ya nini. Aliwahi kusema, tunacheka, kwamba tunakaa na picha nzuri humu ndani hazitusaidii kitu. Niliyasikia tena maneno yale na safari hii hayakuwa utani.

Nikamchunguza siku mbili bila kumwambia neno. Akiongea na simu, natega sikio. Akichapisha, napita nyuma yake. Siku ya tatu alipotoka kwenda kwa mama ntilie, nikakaa kwenye kiti chake nikaanza kufungua mafaili.

Picha ya mama ilikuwepo, mahali pake. Sikuona kwamba imetumwa popote. Ningeacha hapo. Lakini nikaona folda imeandikwa Mipango, nikaifungua, na ndani kulikuwa na picha za chumba kimoja kilichopigwa plasta mpya, na mchoro wa kibao cha studio, na chini ya mchoro neno Bunda. Nilihisi kama nimemkamata mtu mkono ukiwa ndani ya mfuko wangu. Anajenga studio yake kwa siri, nikajiambia, na picha zangu ndizo anazoanzia.

"Unatafuta nini, bosi?"

Alikuwa amesimama mlangoni. Mkononi ameshika sahani imefunikwa na sahani nyingine. Alikuwa ameniletea chakula.

"Picha ya mama wa Murangi umempa nani?" nikauliza.

Aliweka ile sahani juu ya meza, taratibu. "Unaniuliza, au umeshajijibu?"

"Nimekuuliza."

"Sijampa mtu."

"Na hii studio ya Bunda?"

Alitazama kioo cha kompyuta, kisha akanitazama mimi nilivyokaa kwenye kiti chake. "Hiyo nilitaka nikuambie mwezi ujao. Nilikuwa naogopa utaipokeaje." Akachukua mwavuli wake kwenye msumari. "Sasa nimeona."

Akatoa ufunguo wa studio akauweka karibu na sahani. Hakubamiza mlango. Mimi nilikaa pale na, nisiseme uongo, nilijiona mshindi. Nilikula hata kile chakula.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Bunda. Tangazo nililikuta kwenye ukuta karibu na stendi, matatu yamepangwa mstari, mama watatu wenye hasira wanatazama pikipiki zikipita. Pembeni ya ukuta alikaa fundi viatu. Nilimuuliza nani huwa anabandika.

Alinitazama viatu kwanza, halafu uso. "Wewe ni wa usalama?"

"Hapana. Mpiga picha."

"Mpiga picha anamtafuta mganga wa nini?" Akarudi kwenye uzi wake. "Wanabandikaga asubuhi sana. Hatuwajuagi."

Nikapiga ile namba. Ilipokelewa na mwanaume mwenye sauti laini sana. "Karibu," alisema. "Tatizo lako ni la ndoa au la mali?"

"Tatizo langu ni la picha," nikasema. "Huyo mama uliyemweka kwenye tangazo, picha yake umeitoa wapi?"

Simu ikakatika. Nilipopiga tena haikupatikana, na haikupatikana tena siku zote nilizojaribu. Nikabandua tangazo moja kwa uangalifu, na mengine mawili nikayachana. Yule fundi viatu alinitazama muda wote huo kama mtu anayeandika kichwani.

Kutoka hapo nilichukua pikipiki kwenda Guta. Nilijiambia naenda kuzungumza. Ukweli ni kwamba nilikuwa naenda kumwekea tangazo mbele ya mama yake ili aone aibu.

Nilimkuta dada na mama yake wamekaa kwenye turubai wanachambua pamba. Mama yake hakusimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndo wewe?"

Nikasema ndiyo, ndiyo mimi. Sikujua ameambiwa nini, ila nilionyeshwa ndoo iliyopinduliwa nikae. Nikamkabidhi binti yake lile tangazo. Nilitaka kuuona uso wake akilipokea. Niliuona, na haukuwa uso wa mtu aliyekamatwa. Ulikuwa ule uso wake wa kazini. Alilikunjua magotini, akalisogeza karibu na macho, akalipeleka kwenye jua.

"Begani hapa pana nini?" akauliza.

"Karatasi imechubuka."

"Haijachubuka. Imechapishwa hivyohivyo." Akapitisha kidole. "Angalia."

Kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama penseli, umeshuka juu ya bega la kushoto la mama. Mwisho wake ulikuwa mnene, kama tone lililotaka kudondoka likaganda. Nilikuwa nimeuona kule ukutani nikadhani ni uchakavu.

"Bega hili nililisafisha mimi," alisema. "Lilikuwa na uzi, nikautoa. Faili likitoka kwangu, hapa panakuwa safi. Huyu aliyepiga, kapiga picha iliyokwisha kuchapishwa, na katikati yake na picha kulikuwa na kitu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kioo cha dirisha la studio yangu kimeandikwa PASPOTI kwa rangi nyeupe. Niliandika mwenyewe kwa brashi mwaka niliofungua, na mguu wa T ulichuruzika kwa sababu rangi ilikuwa nyepesi. Sikuufuta. Nyuma ya T hiyo ndipo ninapoweka fremu ya picha ninayojivunia, ili wapita njia waione. Kipindi cha Pasaka ile, wiki tatu nzima, fremu ile ilimbeba mama wa Murangi. Nilichapisha nakala ya pili baada ya yeye kuondoka. Baadaye nikaitoa, nikaweka bwana na bibi harusi, nikaisahau kabisa. Mtu yeyote mwenye simu angeweza kusimama pale barabarani na kuichukua.

"Uliiweka dirishani," alisema yule dada. Hakuwa anauliza.

"Wiki tatu tu."

"Alikuruhusu?"

 Mama yake aliendelea kutoa taka kwenye pamba, hakuinua kichwa. "Kwa hiyo mwizi ni dirisha," alisema.

Nikamwomba msamaha yule dada pale pale, mbele ya mama yake, mahali nilipopanga yeye ndiye aaibike. Nilisema nilimkosea kwa kumshuku, nilimkosea kwa kufungua vitu vyake, na studio yake nilitakiwa kuifurahia.

"Nimekusikia," alisema. Akarudi kuchambua pamba. 

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Murangi. Nilibeba ile kompyuta ya studio yenye faili, lile tangazo, nakala ya dirishani, na picha ya dirisha langu niliyoipiga kwa simu. Jumuiya yao ilikuwa inasali siku hiyo nyumbani kwa mama mwenyewe. Nilifika mapema makusudi. Nilimkuta anafagia uani, kando ya mihogo ya udaga iliyoanikwa, na shemeji yake amekaa kwenye benchi anatazama simu.

Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye dirisha, ufagio ulisimama.

"Nilikuambia sio ya watu."

"Ndiyo, mama."

"Ukasema sawa."

"Nilisema."

Alinitazama kwa uso uleule wa picha, na safari hii mvua ilikuwa mimi. "Basi hayo utawaambia wao," alisema. "Mimi nilikuwepo. Mimi najua sijaenda kwa mganga."

Baada ya sala, mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mnene mwenye miwani, akanipa nafasi. Walikuwa watu kama ishirini, wameketi kwenye mikeka na viti vya kuazima. Nikawaambia mimi ni nani, mama alikuja kwangu lini na kwa sababu gani, aliniambia nini akiondoka, na mimi nilifanya nini. Nikazungusha tangazo na simu yangu ili kila mtu aone mchirizi wa begani na mchirizi wa kioo. Wengine walivilinganisha kwa makini. Wengine walipitisha tu kwa jirani bila kutazama, kama mtu anayepitisha sahani ya chakula asichokula.

Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akanyoosha mkono. "Na sisi tutajuaje kwamba huyo mganga hajakutuma uje kutusafishia maneno?"

 Niliwaza kutaja kanisa ninalosali, nikaona hata hilo litasikika kama uongo.

"Mtu wa kutumwa angekuja na maneno ya kujisafisha," alisema mwenyekiti. "Huyu amekuja kujipaka." Watu wakacheka kidogo. Kisha yule mwenyekiti akavua miwani, akageukia benchi alilokaa shemeji. "Mimi nina swali lingine. Tangazo liko Bunda. Mpaka huku kwetu lilifikaje?"

 Mama mmoja akasema yeye alitumiwa kwenye simu. Mwingine pia. Na aliyewatumia wote wawili alikuwa yule shemeji.

"Hata mimi nilitumiwa," alisema shemeji. "Nilikuwa nauliza tu kama ni kweli."

"Uliuliza nyumba ngapi?" akauliza mwenyekiti.

Shemeji alisimama akasema ana mtu anamsubiri mwaloni, kwenye mitumbwi. Nilimtazama akitoka uani, na nikakumbuka alivyokuja studio kwangu bila kuinua sauti, hasira imepangwa vizuri kama shati lililopigwa pasi. Lakini nilikuwa nimetoka tu kumhukumu mtu kwa kuunganisha mambo mawili, na nikaogopa kuunganisha tena.

Mama aliyaunganisha mwenyewe wakati ananisindikiza. "Marehemu aliacha mtumbwi na injini," alisema. "Shemeji anasema mjane aliyeua mume harithi. Hilo alilisema kabla ya tangazo, akiwa amelewa. Tangazo lilimkuta ana maneno tayari." Akajifunga kitenge upya. "Au labda nami namwonea. Siku hizi kila mtu namtazama hivyo."

Kabla sijapanda pikipiki akasema nilifute faili. Nikafungua kompyuta juu ya tanki la mafuta, nikamwonyesha mahali pa kubonyeza, akabonyeza yeye. Nikampa ile nakala ya dirishani. Aliitazama kama alivyoitazama ya kwanza, mikono imenyooka.

"Ni nzuri," alisema. "Ndio shida yake."

Habari zake huwa nazipata kwa watu wa Murangi wanaokuja kupiga paspoti. Mtumbwi ulibaki kwake na watoto, mwenyekiti na padre waliingilia kati. Shemeji alihamia mwalo mwingine, na wapo wanaosema alionewa. Mama anaendelea na dagaa. Katika jumuiya, wanawake wawili hawajarudi kumpa mkono, na mmoja wao ni dada yake wa tumbo moja.

Yule dada wa Guta alifungua studio yake Bunda. Karibu mwaka mzima hatukuongea. Kisha akanipigia simu: amepata kazi Butiama, familia kubwa, wajukuu wamekuja kutoka mbali kupiga picha na bibi yao, na anahitaji mtu wa kamera ya pili. Nilikubali kabla hajamaliza.

Nyumba ilikuwa Mwitongo, humohumo Butiama, nyumba ya wakulima, mahindi yamebaki mabua. Bibi alikuwa amevaa vizuri lakini hataki kutoka ndani. Wajukuu walikuwa wamechoka kubembeleza. Mmoja akaninong'oneza kwamba kuna dirisha upande wa jikoni, nipige tu kutokea pale, bibi hatajua. Nilikataa. Alinitazama kama fundi asiyejua kazi, akaenda kumwambia baba yake.

Nikaingia ndani, nikamwamkia bibi, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, kamera imefungwa. Dada alikuwa mezani anafungua kompyuta yake, na niliona alivyoigeuza kidogo alipoandika neno la siri, ili nisione vidole. Sikumlaumu.

"Wewe," bibi aliniambia. "Hizi picha zinaenda wapi?"

"Kwa wajukuu zako, bibi, na kwenye kompyuta ya huyu dada. Mimi sibaki hata na moja."

Bibi alifikiri. Kisha akamgeukia yule dada. "Wewe unamwamini huyu?"

Dada alikuwa anafuta lenzi kwa kitambaa. Aliifuta yote mpaka ikang'aa, akaiinua kwenye mwanga, akaitazama.

"Kazi yake naijua, bibi," alisema.

Bibi alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyesikia kila kitu kilichosemwa na kisichosemwa. Akajishika goti, akanyanyuka, akatoka nje kukaa kwenye kiti walichomwandalia. Nikachukua kamera yangu nikasimama upande wa kushoto, mahali dada aliponielekeza nisimame.